Daktari Pumzika na Kisigino cha Mama

Hakuwa daktari hasa. Alikuwa tabibu wa serikali aliyestaafu, lakini kijiji kizima cha Nakwa kilimwita Daktari, na waliotaka kumtania walimwita Daktari Pumzika, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa aliyoitoa kuliko zote. Ukienda na kiwiko, pumzika. Ukienda na bega, pumzika. Ukienda na goti lililovimba kwa kushuka na mizigo kutoka mashambani, pumzika kwanza, halafu rudi nikuonyeshe cha kufanya. Watu walitoka kwake wakicheka kwa hasira. "Nipumzike mimi, alime nani?" Na kweli jamani, alime nani?

Mimi Resti ni fundi cherehani, sina subira wala sijifanyi ninayo, kwa hiyo niseme mapema. Mtu huyu ndiye aliyeniponya mkono, na ndiye aliyemharibia mama yangu mguu. Nilijua yote mawili kwa miaka sita, nikanyamaza. Lawama ya mguu ule alikuwa ameibeba mwanamke asiye na kosa lolote, na mimi nilipita mlangoni kwake kila wiki na kumwambia shikamoo.

Chumba cha Daktari kilikuwa nyuma ya nyumba yake. Ukitoka getini kwetu unakata kushoto, unapita mashine ya kusaga, umefika. Ndani kulikuwa na benchi, kiti kimoja cha mbao, kipande cha ngazi chenye vidato viwili ambacho hakikuelekea popote, chupa za plastiki zilizojazwa mchanga, na rundo la vipande vya tairi. Mgeni angedhani ameingia kwa fundi viatu. Vipande vile alivipigilia chini ya makatambuga ya watu wanaoumwa kisigino, ili kisigino kiinuke kidogo na kano ilegee. Alipigilia mwenyewe, misumari mdomoni, huku akimfokea mgonjwa eti ametembea na viatu bapa tangu abatizwe.

Hakupenda kuulizwa habari zake. Nimemjua miaka mingi na mpaka leo sijui vizuri alikotoka. Ukimshukuru alikasirika. Ukimletea kuku alimkataa, kisha akakuuliza kuku huyo anataga mayai mangapi, na mkaanza kuzungumza kuku mpaka ukasahau kilichokuleta. Kwa watu alikuwa mkavu, kwa kuku wake alikuwa na maneno matamu ambayo, haki ya Mungu, sijawahi kuambiwa na mwanamume.

Alikuwa na namna yake ya kupima. "Usiniambie panauma wapi. Niambie unafanya kazi gani." Mkoa mpya ulikuwa umeanza, Babati imegeuka makao makuu, kila kona inajengwa, na kazi zililetwa na maumivu yake. Fundi rangi alisema anapaka dari za ofisi, na kabla hajamaliza kidole cha Daktari kilikuwa kimeshatua begani kwake, mahali penyewe, mtu mzima akaruka. Mama wa mgahawa alisema anasonga ugali wa watu hamsini, kidole kikaenda pembeni mwa kiwiko. Karani alisema anapiga chapa kutwa, Daktari akamgeuza kifundo cha mkono kama anayekagua nyanya sokoni. Akikosea mahali aliudhika kweli, kana kwamba mgonjwa amemdanganya.

Sisi wengine tulisema mshipa. Mshipa umevutika, mshipa umekaa vibaya. Neno hilo lilimchoma roho. "Mshipa unapitisha damu. Hii ni kano." Alitufundisha kwa mguu wa kuku aliyechinjwa: anaushika juu, anavuta ule uzi mweupe, na vidole vya kuku vinajikunja vyenyewe. Watoto wanacheza hivyo jikoni kila sikukuu, lakini yeye aliwafanyia watu wazima, kwa uso wa mtu anayesoma misa. "Nyama inavuta, kano inapeleka. Ukiituma kazi ile ile mara elfu kwa siku inachubuka. Inachotaka ni muda, halafu mazoezi polepole. Wewe unailetea samli ya moto na bibi wa kuifinya."

Ugomvi wake na kukandwa ulikuwa mkubwa. Badala ya maji ya moto aliwatuma watu dukani wakanunue barafu za ukwaju, zile za watoto, akazifunga kwenye kitambaa na kuzikandamiza palipouma. Dakika kumi, basi. Wakimaliza aliwaruhusu kuzinyonya. Nilimkuta mwashi mwenye ndevu zake kwenye lile benchi, ananyonya barafu kama mwanafunzi wa mapumziko ya saa nne. Halafu zikaja chupa za mchanga. Unaishika, unaishusha taratibu, unahesabu. "Kuinua si kitu," alikuwa akisema. "Kushusha polepole ndiko kunakotibu."

Na yeye mwenyewe? Loo! Alikuwa hapumziki hata kidogo. Alfajiri yuko na jembe kwenye shamba lake la kijiji cha Sigino, mchana anapasua kuni, jioni yuko juu ya paa anagonga bati. Bega lake la kulia lilianza kumsumbua zamani sana. Akimwonyesha mgonjwa zoezi la bega, alilionyesha kwa mkono wa kushoto, na ukimuuliza kwa nini alikwambia uangalie mkono, usiangalie mdomo.

Kitu kimoja hakikuwamo chumbani mwake: sindano. Kwetu hilo lilikuwa karibu na tusi. Mgonjwa aliyetoka bila kuchomwa alijiona hakutibiwa. Unafunga safari, unavaa nguo yako ya kanisani, halafu unarudi na kipande cha tairi? Watu walisema amekuwa mchoyo. Wengine walisema mkono wake umekufa ganzi. Wakubwa walikumbuka kwamba zamani alichoma, tena alichoma vizuri, na mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsifia.

Mama alikuwa mkulima wa mbaazi. Aliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu alipoolewa, na Kiswahili chake mpaka leo kina milima ndani yake. Kisigino kilimwanza kidogo kidogo, asubuhi anatoka kitandani akishika ukuta. Kilipozidi alikwenda kwa Daktari, ambaye siku hizo ndiyo kwanza amestaafu na bado anatibu kwa sindano. Akachomwa nyuma ya kisigino. Jioni ile ile alirudi shambani anatembea kama msichana. Alitangaza kwa jumuiya yetu nzima ya kanisa.

Baada ya wiki kadhaa maumivu yakarudi, akaomba tena. Akachomwa. Mara ya tatu ilikuwa msimu wa mavuno, na mara hiyo Daktari alisita, akamwambia apumzike. Mama alipiga magoti. Simzulii, nilikuwepo, nilimwona amepiga magoti kwenye sakafu ile: "Daktari, mbaazi zinapasukia shambani. Nichome hii tu." Akamchoma.

Mbaazi zetu tunazipiga. Unatandika turubai uani, unamwaga maganda makavu, wanawake wanazunguka na fimbo wakizipiga mpaka zimwagike. Siku hiyo, haikupita wiki tangu sindano ya tatu, Mama alikuwa na jirani yake Mama Paulo. Hawa walikuwa marafiki wa kweli. Walibatizisha watoto wao siku moja, walipanda pamoja, walivuna pamoja. Mama alikuwa mbele, Mama Paulo nyuma yake, wote na fimbo, wanacheka jambo la padri. Mama akainama kusogeza turubai, akasukuma kwa mguu ule, na sauti ikasikika. Ta! Mama akaanguka. Alihisi amepigwa nyuma ya kisigino kwa nguvu zote. Akageuka, na nyuma yake alimwona nani? Mama Paulo, fimbo mkononi.

"Umenipiga!"

"Sijakugusa, Mama Resti!"

"Umenipiga na fimbo! Mbona umenipiga?"

Walikandwa samli na maneno siku hiyo hiyo. Mama alikandwa mguu, Mama Paulo alikandwa na maneno ya watu, maana kila aliyekuja kumpa Mama pole alipewa na habari ya fimbo. Siku ya tatu Daktari aliitwa. Alimlaza Mama kifudifudi, akalibinya shavu la mguu. Unyayo haukutingishika. Akalibinya tena. Nilikuwa nimeona mguu wa kuku mara nyingi kwake, nikaelewa kwamba ule uzi haupo tena. Uso wa Daktari ulibadilika rangi.

"Kano imekatika," alisema. "Mpelekeni hospitali kubwa."

"Ni ile fimbo, sivyo, Daktari?" Mama akauliza.

Hapo ndipo alipokosea zaidi ya sindano zote tatu. Alikuwa anafungasha mkoba wake. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alisema, "Muwahisheni mapema," akatoka. Kunyamaza kwake tulikuchukua kuwa ndiyo.

Mama alifungwa plasta, akakaa miezi. Mguu ukapona kwa kuburuza. Kisigino hakisukumi ardhi, kinafuata tu. Shamba tukalima wengine. Kanisani, wakati wa kupeana amani, Mama alikuwa anageukia upande wa ukuta, na Mama Paulo anabaki na mkono wake umenyooka. Mwisho Mama Paulo akahamia misa ya kwanza ili wasikutane. Jumuiya akaiacha.

Ila kilichoniuma zaidi alikuja kuniambia mwenyewe, siku moja tukiwa kwenye foleni ya maji. Alinisogelea, akasema kwa sauti ndogo: "Resti mwanangu, huenda ilinichoropoka. Fimbo. Najaribu kukumbuka. Mbona sikumbuki?" Tangu siku ile ya turubai hakushika tena fimbo ya kupigia. Mbaazi zake alitafuta watu wampigie, naye anakaa ndani mpaka wamalize.

Wakati huo wote Mama alimpenda Daktari kuliko kawaida. Alisema, bila mwovu kumpiga, ile sindano ilikuwa imeshamponya. Kila mavuno alinituma na debe la mbaazi zilizopepetwa vizuri: "Mpelekee Daktari wangu." Yeye aliyekataa kuku wa watu alilipokea debe lile. Alilipokea bila kuniangalia. Nilidhani ni aibu ya mzee.

Basi mkono wangu ukaugua. Tulikuwa tumepata kazi ya sare za shule, na mimi ndiye niliyekata vitambaa vyote, wiki tatu mfululizo. Maumivu yalianzia chini ya kidole gumba yakapanda kwenye kifundo. Nikawa siwezi kufungua chupa ya soda. Nikaenda kwa Daktari.

"Kazi naijua," alisema. "Ficha kidole gumba ndani ya ngumi. Sasa inamisha ngumi chini." Niliinamisha, nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Akatikisa kichwa, ameridhika. Alikuja hadi kibandani kwangu, akachukua mkasi wangu, akajaribu kukata kitambaa. "Mkasi butu! Ndio unaokuua huu. Na meza iko juu mno, unakatia hewani." Akanitengenezea gango la mwanzi na kitambaa la kukizuia kidole, akasema wiki sita.

"Wiki sita? Daktari, shule zinafunguliwa! Nichome tu."

"Sichomi."

"Mama ulimchoma. Tena mara tatu!"

Alikaa kwenye cherehani yangu, kwenye kile kiti changu.  Kisha akaniambia. Ile dawa inanyamazisha maumivu, lakini ukiichoma mahali pale mara kwa mara kano inalegea kama uzi uliooza. Alifundishwa hivyo chuoni. Alijua siku anachoma. "Na siku nilipoubinya ule mguu nilijua kwamba hakuna aliyempiga."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Niliogopa, Resti." Hivyo tu. Alisema atakuja kusema mwenyewe, nimpe muda kidogo.

Nikampa. Wiki sita zikapita, kidole kikapona kabisa, mpaka leo nakata suti. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Mara ya kwanza nilimkumbusha, akasema wiki ijayo. Mara ya pili alisema Mama ana presha. Mara ya tatu sikumkumbusha. Ningesema nini? Ningefumbua mdomo, Mama angempoteza na Daktari pia, na mimi ningeulizwa nimejua tangu lini. Kila mwaka uliongeza uzito wa swali hilo. Nikaendelea kumpelekea mbaazi. Nilikuwa namchukia nikienda na nampenda nikirudi, maana kila nikifika pale nilimkuta amepiga magoti mbele ya mguu wa mtu, anapima kipande cha tairi, habahatishi hata milimita.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza, alikuja yeye kibandani kwangu. Alikuwa amezeeka ghafla. Alitaka shati linalofunguka mbele mpaka chini, mikono mipana. Nikatoa futi. "Nyoosha mkono, Daktari." Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulipanda mpaka usawa wa tumbo, ukagoma. Nikajaribu kuusaidia, akauma meno.

"Umepumzika?" nikamuuliza, kwa kejeli kabisa.

"Nimechomwa," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Alikuwa amekwenda mjini kwa kijana mmoja mwenye duka la dawa, amechomwa bega mara tatu, na sasa ametoka kumwomba mara ya nne, kijana kakataa. "Nilimsihi, Resti. Silali. Nilimsihi kama mama yako alivyonisihi." Machozi yakamtoka, hakuyafuta, mkono wa kulia haukufika na wa kushoto nilikuwa nimeushika.

Futi nikaiweka mezani. "Twende," nikasema. "Leo. Shati sishoni mpaka utoke kwetu."

Hakubisha. Tulimkuta Mama uani anapepeta mbaazi kwenye ungo. Alifurahi, masikini. "Karibu Daktari wangu! Resti, leta kiti. Chai iko." Daktari alikaa. Kikombe akawekewa kwenye kigoda. Akasema yote, bila kupamba, kama anavyosema habari za kano: sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu, alichokijua, alichokiona alipobinya mguu. "Mama Paulo hakukupiga, Mama Resti. Kano ilikatika kwa mkono wangu."

Mama aliendelea kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukawa hauna hata ganda.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Na ukala mbaazi zangu."

"Sikuzila. Nilikuwa nampelekea Mama Paulo. Nilimwambia ni zangu."

Mimi mwenyewe hilo sikulijua. Mama aliweka ungo chini. Nilifikiri atalia, au labda atacheka. Hapana. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kosa lako umelifuta kwa mbaazi zangu mimi." Akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Mh." Afadhali angenipiga. "Nipe fimbo yangu ya kutembelea."

Nilisema nitaita bodaboda, akaniangalia tu. Kwa Mama Paulo ni kulia kutoka getini, mashamba mawili, mtu mwenye miguu mizima dakika kumi. Daktari alijaribu kuinuka, akajishika kiti kwa mkono mmoja. "Nikusindikize, Mama Resti. Niseme mbele yake."

"Kaa hapo," Mama alisema. "Pumzika. Si ndiyo dawa yako?"

Akatoka. Tuliisikia fimbo, kisha mguu unaoburuza, kisha fimbo, mpaka ikapotea. Daktari alimfuata kwa macho kupitia uwazi wa geti. Alinong'ona, hata sijui kama ni kwangu: "Nilikuwa na kipande cha tairi. Siku ile ile ningempa kipande cha tairi." Chai ikapoa. Mimi niliokota mbaazi moja moja zilizodondoka nje ya ungo, kwa sababu sikuwa na pa kuweka mikono.

Mama alirudi jua likiwa limeinama, peke yake, vumbi hadi magotini. Alikaa kwenye kigoda akanyoosha mguu.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Alilia. Hakunililia mimi. Alisema, kumbe haikunichoropoka. Kalirudia hilo tu, mara nyingi." Mama alifunga macho. "Jumapili atarudi misa ya pili. Amesema atanipa mkono, na kama moyo utakataa, atanipa hivyo hivyo."

Daktari aliuliza kwa shida, "Na mimi?"

"Wewe hakukutaja."

Daktari aliinuka kitini. Kisha akachukua kofia yake kwa mkono wa kushoto, akaivaa upande. Alimwambia Mama kwaheri, Mama hakuitikia. Nilimsindikiza mpaka getini, nikasimama kumtazama, mzee mwenye bega lililokufa, anatembea taratibu. Nyumbani kwake ni kushoto. Alisimama njia panda ya mbele ya geti akipumua, halafu akakata kulia, njia ile aliyoishika Mama.